UZI: Bongo waliorudi kutoka Florida. Kuzalisha wanyama bustanini kunawafaa nini walio porini?

#1 MifugoNjoro (Nakuru)

Wadau, tangu wale bongo 17, swala wakubwa wa msituni wenye michirizi, watue Nairobi kutoka Florida mwezi wa Februari 2025, swali limekuwa lile lile katika makundi ya hapa Nakuru: kwa nini wamepelekwa Marania kule Meru wakafungiwa uani, ilhali sisi tuna msitu wa Eburu na bongo wake wa asili? Wanaojua sehemu yoyote ya jambo hili waieleze hapa kwa kina, maana majibu ya mstari mmoja yamekuwa mengi.

Hali ilivyo: bongo wa milimani hupatikana Kenya pekee. Porini hawafiki 100, nao wametawanyika vijikundi vijikundi katika Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Cherangani walishatoweka. Walioko kwenye bustani za wanyama za Marekani na Ulaya ni wengi kuliko walioko msituni, na chimbuko lao ni bongo waliokamatwa hasa Aberdare miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2004 wengine 18 waliletwa Nanyuki kutoka Marekani. Wakazaa, wajukuu wakazaa, na ni Machi 2022 ndipo bongo watano wa kwanza walipoachiliwa katika eneo la Mawingu, ekari 776 zenye ua. Miaka 18 nzima.

Anayeuliza kwa nini haraka haipo, jibu liko ndani ya miaka hiyo. Kuzaa ndiyo sehemu nyepesi. Miradi hii huangushwa na nasaba, magonjwa, na kile kile kilichowamaliza wanyama mara ya kwanza.

#2 Nyalenda_K (Kisumu)

Asante daktari. Swali la mtu wa Kisumu: hapa Impala Sanctuary tuna simba na chui kwenye vizimba, na swala wanatembea huru. Je, hao simba nao wakizaa si wanaweza kupelekwa mbugani? Watoto wa shule huuliza kila wakija, na hakuna anayewapa jibu la maana.

#3 DaftariLaNasaba (Kericho)

Ndugu Nyalenda, waambie hivi: mnyama kuwa kwenye kizimba na kuzaa humo hakufanyi mradi wa uzalishaji. Simba wa kizimbani wana kazi ya kufunza watu, na ni kazi halali. Lakini simba hawapungui Kenya kwa kushindwa kuzaa. Wanapungua kwa kukosa nafasi, kwa sumu na kwa ugomvi na wafugaji. Ukiongeza simba aliyezoea binadamu, asiyemwogopa mtu wala gari, umeongeza ugomvi. Atakwenda bomani kwa watu wiki ya kwanza.

Mradi wa kweli huanzia kwenye daftari la nasaba. Kila mnyama ana namba, mikrochipu, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, alikohamishwa, alichokufa nacho. Daftari ni moja kwa wanyama wote wa aina hiyo duniani au katika bara, halafu mratibu mmoja anaamua nani apandane na nani. Bustani inayomiliki mnyama haina uhuru wa kuamua peke yake.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyika na wingi. Tuseme una wanyama kumi. Kanuni ni hii: zidisha idadi ya madume wanaozalisha kwa majike wanaozalisha, zidisha kwa 4, gawa kwa jumla yao. Jibu ndilo idadi inayohesabika kijeni.

Dume 1 na majike 9: 4 × 1 × 9 ÷ 10 = 3.6.
Madume 5 na majike 5: 4 × 5 × 5 ÷ 10 = 10.

Wanyama ni kumi kwa kumi, lakini kundi la kwanza kijeni ni kama lina wanyama watatu na nusu. Kila kizazi hupoteza sehemu ya utofauti wa jeni ambayo ni 1 kugawanywa kwa mara mbili ya idadi hiyo. Kundi la kwanza linapoteza karibu asilimia 14 kwa kizazi, la pili asilimia 5. Vizazi vitano baadaye, la kwanza limebaki na asilimia 47 ya utofauti wake, la pili asilimia 77. Na hapo wote wanaonekana wanene na wenye afya. Hasara haionekani kwa macho mpaka ndama waanze kufa wakiwa wachanga, mimba zianze kupungua, na ugonjwa mmoja uwapitie wote kwa sababu miili yao inajibu kwa namna moja.

Lengo linalotumiwa na miradi mingi ni kubakisha asilimia 90 ya utofauti kwa miaka 100. Waanzilishi 20 wasio na undugu hubeba asilimia 97.5 ya utofauti wa kundi walikotoka, kwa hiyo mwanzo mzuri hauhitaji mamia ya wanyama. Unahitaji waanzilishi wengi kiasi, kisha nidhamu.

#4 MifugoNjoro (Nakuru)

Hapo kwenye dume 1 na majike 9, mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa hapa Njoro au Molo anaelewa: ndiyo maana haturudishi mbegu ya fahali yule yule kwa binti zake. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kununua mbegu ya fahali mwingine. Bongo hana duka.

#5 MwalimuBio (Kakamega)

Mwalimu Daftari, nifafanulie hapo kwenye kuchagua jozi. Wanafunzi wa kidato cha nne huniambia "chagua aliye na nguvu zaidi". Nawajibuje?

#6 DaftariLaNasaba (Kericho)

Mwalimu, hilo ndilo kosa linaloharibu. Ukichagua mwenye nguvu, mpole, anayezaa haraka, unachagua mnyama wa kizimbani. Upole ni faida kwa mtunzaji na ni kifo msituni.

Kinachotazamwa ni wastani wa undugu: huyu mnyama ana undugu kiasi gani na kundi zima lililo hai? Ndugu wa baba na mama mmoja wana kipimo cha 0.25, wa mzazi mmoja 0.125, wasio na undugu 0. Jumlisha undugu wake na kila mnyama, gawa kwa idadi. Mwenye wastani mdogo ndiye mwenye jeni adimu, na ndiye anayepewa nafasi ya kuzaa kwanza, hata kama ni jike mkorofi aliyezaa mara moja tu maishani. Anayetoka ukoo uliozaa sana anapumzishwa, hutengwa au hupewa dawa ya kuzuia mimba. Kompyuta hufanya hesabu, lakini mtu bado anaangalia umri, umbali wa safari na kama wale wawili watapatana.

Ndiyo maana bustani hubaki na madume ya ziada kila mwaka. Nusu ya wanaozaliwa ni madume na nafasi za kuzalisha ni chache. Mradi usiopanga pa kuwaweka tangu mwanzo hukwama.

#7 MifugoNjoro (Nakuru)

Sasa niingie kwenye kupe, maana hapa ndipo wengi hawapajui.

Kila mfugaji hapa anaijua ndigana, homa ya ng'ombe inayobebwa na kupe. Ng'ombe wa kigeni asiyewahi kuumwa na kupe akiletwa eneo lenye ndigana, joto linapanda, tezi za chini ya sikio zinavimba, mapafu yanajaa maji, na ndani ya wiki tatu hivi amekwisha. Bongo waliozaliwa Marekani, vizazi kwa vizazi kwenye ardhi isiyo na kupe wetu, wako katika hali hiyo hiyo. Miongoni mwa wale waliokuja 2004 kuna waliokufa kwa vijidudu vinavyobebwa na kupe, jamaa za kile cha ndigana. Hao walikuwa wanyama wakubwa, wamelishwa vizuri, wamepimwa, wana vyeti vyote. Miili yao ilikuwa haijawahi kukutana na adui huyo.

Basi kwa nini usiwanyunyizie dawa tu kama kwenye dipu? Kwanza, bongo hapitishwi kwenye kibano cha kushikia ng'ombe kila wiki. Swala akifukuzwa na kushikwa kwa nguvu, joto la mwili likipita nyuzi 41, misuli yake huanza kuharibika, figo zinaziba, na anaweza kufa siku kadhaa baada ya wewe kudhani kazi imekwenda salama. Pili, ukiua kupe wote, ndama hawapati kinga. Ndama anayezaliwa hapa na kuumwa na kupe wachache angali mdogo ana nafasi kubwa ya kuugua kidogo na kupona, akakua na kinga. Anayekingwa kabisa mpaka umri wa mwaka mmoja na nusu, halafu ukamfungulia mlango wa msitu, umemtuma akafe.

Njia ya kati ni ngumu na inataka mtu awepo kila siku. Nyasi ndefu zilizo kando ya ua zifyekwe ili kupe wapungue lakini wasiishe. Nguzo zenye dawa ziwekwe karibu na pa kulia, mnyama ajisugue shingo na masikio mwenyewe. Wanaoletwa kutoka nje wapimwe damu mara kwa mara, na dawa ya ndigana iwe tayari kituoni. Atakayeacha kula asubuhi atibiwe siku hiyo hiyo, kwani daktari akiitwa kesho kutwa atakuta mzoga. Ng'ombe wa majirani wasiguse malisho yale. Kisha ni wale waliozaliwa hapa, kizazi cha pili au cha tatu, ndio wanaofikiriwa kwa msitu. Kwa hiyo wale 17 wa Florida ni wazazi. Watakaoingia msituni ni wajukuu wao.

#8 KaruraniNaivasha (Nakuru)

Daktari amemaliza kupe, niongeze hatua za kuachilia.

Safari: sanduku la mbao kwa kila mnyama, giza ndani, hewa ya kutosha, upana wa kumruhusu alale lakini asigeuke. Pembe za dume huvalishwa mpira. Wapakiwe alfajiri au usiku kukiwa na baridi. Wasichanganywe madume wawili.

Kwenye msitu, hakuna kufungua sanduku na kupiga makofi. Kunakuwa na boma la kuzoea ndani ya makazi yenyewe, lenye vichaka vya asili, na wanakaa humo wiki kadhaa hadi miezi. Chakula cha duka kinapunguzwa kidogo kidogo na majani ya msituni yanaongezwa, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula huchukua muda kubadilika. Ukibadilisha kwa siku moja tumbo linajaa gesi na uchachu. Watunzaji wanapunguza kuonekana. Mwishoni lango linaachwa wazi, chumvi na chakula kidogo vinabaki ndani, na anayetaka kurudi arudi. Angalau baadhi yao wavae kola ya GPS, na kamera za kutega ziwekwe kwenye njia na vidimbwi vya chumvi.

Kosa la kawaida ni kudhani silika inatosha. Brazili walipoanza kuachilia nyani wadogo wenye manyoya ya dhahabu mwaka 1984, wale waliozaliwa bustanini walishindwa kutembea kwenye matawi yanayoyumba, kwa sababu maisha yao yote walikanyaga fito zilizofungwa imara. Wengi walipotea. Kilichokuja kuinua idadi ni watoto waliozaliwa kule kule msituni. Kwa kondori wa Kalifonia walilazimika kuweka nguzo bandia za umeme kwenye vizimba, zinazompa ndege mshtuko mdogo akitua, ili akiachiliwa akwepe zile za kweli.

Kwa bongo, chui na fisi ndio mtihani. Ndama wa bongo huachwa amejificha kichakani siku za kwanza. Mama aliyezoea kuzalia wazi kwenye banda anaweza kumwacha mahali pa hovyo.

#9 Hoja_Gilgil (Nakuru)

Nawaheshimu nyote, lakini nauliza kwa dhati: fedha za kusafirisha bongo 17 kwa ndege zingelipa walinzi wangapi Eburu na Mau? Mbona tusilinde waliopo?

#10 DaftariLaNasaba (Kericho)

Hoja, swali lako ni zito na sitalikwepa. Mahali ambapo wanyama wa porini bado wanatosha, fedha ziende kwa walinzi. Huo ndio msimamo wangu, na bustani nyingi za nje sasa hutoa msaada mkubwa zaidi kwa njia hiyo: mafuta ya gari, kamera, mishahara, maabara ya DNA. Daktari wa wanyama aliyejifunza kulaza bongo kwa dawa bustanini, akijua kipimo kamili, anaokoa bongo aliyenaswa Mau. Vipimo vya mimba kutoka kwenye kinyesi, muda wa mimba wa miezi tisa hivi, yote yalijulikana kwa kuwatazama walio karibu.

Lakini vijikundi vya bongo ni vidogo mno. Eburu ni kilomita za mraba 87, na ua wa umeme wa kilomita 43.3 uliokamilika 2014 umeuzunguka wote. Ua umepunguza majangili na ukataji miti, na pia umewafungia bongo wachache humo. Ulinzi peke yake hauleti damu mpya. Kanuni inayotumika ni mgeni mmoja anayefanikiwa kuzaa kwa kila kizazi, na wengi hushauri kuzidi huyo mmoja. Atoke wapi? Kundi la Aberdare ni dogo, huwezi kulipunguza. Hapo akiba ya bustanini ndiyo inayobaki.

Upande wa pili wa swali lako una ushahidi wake. Choroa wa Arabuni, swala mweupe wa jangwani, alitoweka porini 1972. Kundi lililokusanywa Phoenix, Marekani, tangu 1963 lilizaa vizuri, na mwaka 1982 wakaachiliwa Oman. Kufikia 1996 walikuwa 450. Majangili wakaingia, wakawa wanawakamata wakiwa hai wauzwe, na kufikia 2007 wakabaki 65. Hifadhi ikaondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kabisa kuondolewa. Uzalishaji ulikuwa safi. Ulinzi ulilegea.

Na jirani zetu Tanzania wana chura wa Kihansi, ambaye makazi yake yote ni ukungu wa maporomoko, hekta mbili hivi. Bwawa la umeme lilipokata maji mwaka 2000, chura 499 walipelekwa Marekani. Kule nako walikufa wengi mpaka watunzaji walipojua taa na chakula kinachowafaa. Porini wakaisha, ikatangazwa 2009. Mwaka 2010 mia moja walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiliwa. Walirudishwa mahali palipofungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga ule ukungu, na bila mabomba hayo wasingeishi.

#11 SamakiDunga (Kisumu)

Mmesema bongo, mmesema chura. Huku ziwani hasara ni kubwa zaidi na haina picha nzuri za gazetini.

Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, samaki wadogo wa asili. Mbuta (sangara), samaki wakubwa wala samaki, waliletwa miaka ya 1950 na 1960, wakalipuka miaka ya 1980, na inakadiriwa aina 200 hivi zimepotea. Mwaka 1993 bustani na matangi ya Amerika Kaskazini yalianza mpango wa pamoja wa kuhifadhi samaki wa ziwa hili. Wazo zuri, lakini samaki wa tangini ana mitego yake.

Kwanza, majike ya fulu wa aina mbalimbali yanafanana mno. Weka aina mbili za jamaa kwenye tangi moja na utapata machotara, na ukishawapata hakuna wa kuwatenganisha. Kila aina iwe na tangi lake, na isiwe bustani moja tu inayoishikilia. Mashine ya hewa ikizimika usiku mmoja, aina imekwisha.

Pili, dume mmoja hutawala tangi na kuwazuia wengine, tukarudi kwenye ile hesabu ya 3.6. Dawa yake ni mawe na mapango ya kutosha ili madume kadhaa wawe na himaya, na majike wawe wengi kuliko madume. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni wiki mbili hadi tatu. Akitema, usichukue watoto wote wa jike mmoja aliyezaa sana. Chukua idadi sawa kwa kila jike, tuseme kumi kumi. Hilo peke yake hupunguza sana upotevu wa jeni.

Tatu, fulu huzaa wakiwa na umri wa mwaka au chini yake. Miaka 30 tangini ni vizazi 30 na zaidi vya kuzoea chakula cha vipande na maji meupe.

Na hata ukiwa na samaki safi, utawaachia wapi? Jike wa fulu huchagua dume kwa rangi. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka kwa mbolea na mwani, mwanga hubadilika, rangi hazionekani, na aina zinachanganyikana zenyewe bila mbuta yeyote kuhusika. Kwa hiyo mtaro wa maji taka wa mjini na udongo unaoshuka na mto Nyando ni sehemu ya mradi wa uzalishaji, watu watake wasitake.

Ndiyo maana mimi nashikilia Kanyaboli. Ziwa lile la Yala halina mbuta, na ngege, yaani perege wa asili, na baadhi ya fulu bado wamo. Hiyo ni bustani ya Mungu iliyo Siaya. Hatari yake kubwa ni nyamami, perege mgeni: huzaliana na ngege, na uchotara umeshaonekana humo. Anayefuga samaki karibu na Yala asimwage vifaranga vya nyamami ziwani wala kuchimba bwawa mahali pa mafuriko. Bwawa likifurika mara moja, inatosha.

#12 Lambwe_HB (Homa Bay)

Hifadhi ya Ruma nayo isisahauliwe. Korongo wa Kenya (yule swala mkubwa, si ndege) wamebaki huku tu. Sensa ya kitaifa ya 2021 ilihesabu 15. Kuna watu wanasema tuagize korongo kutoka bustani za nje. Kabla ya hapo niulize Daftari: wakiwa wa nasaba ya kusini au magharibi mwa Afrika, si tutapoteza wa kwetu?

#13 DaftariLaNasaba (Kericho)

Swali sahihi, Lambwe. Agizo lolote lianze na DNA. Lakini kumi na tano ni wachache kiasi kwamba kukataa damu ya nje daima pia ni hatari. Wa kutafutwa kwanza ni wa Tanzania, walio karibu kijiografia. Kwa sasa ua wa ndani ya hifadhi ndio unaofaa: majike yazalie mahali pasipo mitego ya waya, nyasi zichomwe kwa zamu ili kuwe na machipukizi na pia pa kuficha ndama. Na lile la daktari kuhusu kupe lizingatiwe. Kule Afrika Kusini ndama wa korongo wamekuwa wakifa kwa jamaa wa ndigana, hasa wanapofugwa wengi mahali padogo.

#14 Nyalenda_K (Kisumu)

Na wale vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki Ol Pejeta, kuna matumaini?

#15 MifugoNjoro (Nakuru)

Yapo, ila ni funzo la kuchelewa. Wanne waliletwa Desemba 2009 kutoka bustani ya Dvůr Králové kule Ucheki. Suni alikufa 2014, Sudan 2018, wamebaki Najin na bintiye Fatu, na wote wawili hawawezi kubeba mimba. Sasa mayai ya Fatu hutolewa, hutungishwa maabara kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, na viinitete vinahifadhiwa kwenye naitrojeni baridi, nyuzi 196 chini ya sifuri. Januari 2024 ilitangazwa kwamba kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kimeshika mimba kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, ingawa mama alikufa kwa maambukizi ya bakteria. Mimba ni miezi 16, kwa hiyo kila jaribio linakula muda mrefu. Mbegu na ngozi za wanyama huhifadhiwa vyema wangali wengi. Korongo wa Ruma wachukuliwe sampuli sasa.

#16 Songoloi_Eburu (Nakuru)

Sisi tunaoishi kando ya ua wa Eburu, tusio na maabara, kazi yetu ni ipi?

#17 KaruraniNaivasha (Nakuru)

Kubwa sana, ndugu yangu. Anzeni na mbwa. Bongo akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali. Husimama kwenye maji au kichakani akageuka kupigana, na mwindaji anamkuta papo hapo. Mbwa afungwe usiku na achanjwe kichaa.

Mitego ya waya hutegwa hasa kwenye vijia vya wanyama, kwenye pengo kati ya miti miwili, kimo cha shingo. Ukiuona usiuvute na kuutupa. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, waite walinzi, kwa sababu aliyetega mmoja huwa ametega mstari mzima.

Ng'ombe wakipenya kuingia msituni, huacha kupe wapya kwenye vichaka vya bongo na kumaliza majani ya chini. Mkiona waya wa ua umelala au tawi limeangukia, ripotini siku hiyo: umeme ukikatika mahali pamoja, kipande kirefu cha ua kinakuwa kamba tu. Na mkikuta kinyesi kinachoshukiwa ni cha bongo, kiacheni kilivyo, msikiguse kwa mkono, wekeni kijiti pembeni na mjulishe wanaofuatilia bongo wakiwa bado wanaweza kukipata kibichi. Kikiwa kibichi hutoa DNA ya kumtambua mnyama mmoja mmoja, na hapo ndipo Daftari atajua ni dume wa ukoo gani Eburu inamhitaji.